Injini Shirika, Si ya Mafuta Matatu

Katika orodha moja ya istilahi za ufundi iliyonifikia karibuni, injini ya dizeli inayotumia pia hidrojeni na kupuliziwa maji imeitwa "injini ya mafuta matatu". Naipinga tafsiri hiyo waziwazi. Maji hayawaki. Hidrojeni ikishaungua ndiyo hugeuka maji. Kuyaita mafuta ni kuhesabu majivu kuwa kuni.

Hata "mafuta mawili", jina linalopendwa na kamati zetu za istilahi, halifai. Mafuta ni neno kongwe la Kibantu: Wazulu husema amafutha, Wanyarwanda amavuta, Wakikuyu maguta, na kote huko hutaja shahamu, kitu chenye utelezi. Hidrojeni ni gesi. Dereva wa bajaji Dar es Salaam anayetumia gesi asilia husema amejaza gesi, na hapo amewashinda wanakamati. Tena chombo chake huchagua: ama petroli, ama gesi. Nacho tukiite cha mafuta mawili?

Injini ninayoizungumzia haichagui. Hidrojeni huingia pamoja na hewa, lakini haijiwashi mpaka joto lifike takriban nyuzi 585 za Selsiasi. Dizeli hujiwasha kwenye nyuzi 210 hivi. Basi noza hutia dizeli kidogo katika hewa iliyogandamizwa ikapata moto, dizeli hushika, nayo huiwasha hidrojeni. Huo ni ushirika, na ndiyo maana nashikilia "injini shirika". Neno limetoka Kiarabu, kwenye mzizi uliotupa shiriki, mshirika, ushirika, hata shirki ya wanazuoni wa dini: yote ni kuwa na fungu katika jambo moja. Wanaodai kwamba shirika ni kampuni tu wamesahau kuwa wazee wetu walilima shirika na kula shirika kabla ya kampuni yoyote kusajiliwa. Hoja hii niliiwasilisha kwa maandishi mbele ya jopo la wataalamu, nikajibiwa kwamba neno "limeshatumika kwingine". Na mafuta je? Yamo kwenye taa, kwenye kikaango na kwenye nywele, wala hakuna aliyeyakataa.

Maji yabaki na jina lake: yakipulizwa kama ukungu, kila kilo inayogeuka mvuke hufyonza kilojuli 2,257 hivi za joto, oksidi za nitrojeni hupungua, na hidrojeni haiwahi kuwaka kabla ya zamu yake. Iandikwe basi: injini shirika ya dizeli na hidrojeni, yenye kipulizio cha maji.