Max Ernst: Kolaji, Ghala la Nafaka na Suala la Uraia

Makala haya yanachunguza maisha na kazi za Max Ernst (1891–1976), mchoraji na msanii wa kolaji aliyezaliwa Brühl, Ujerumani. Hoja inayotetewa ni kwamba historia yake inadhihirisha athari za kukiondoa kitu, au mtu, mahali pake pa asili.

Ernst alisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Bonn, kisha akapigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliporejea Cologne, alianza mnamo 1919 kukata vielelezo vya katalogi ya vifaa vya kufundishia na kuviunganisha upya. Picha zilizokusudiwa kufafanua zikawa mafumbo. Mbinu hiyo ilikuwa mojawapo ya nguzo za Usurialisti, harakati ambayo André Breton aliitolea ilani mwaka 1924, na ambayo iliipa ndoto hadhi sawa na mantiki.

Mchoro wake wa 1921, The Elephant Celebes, unatuhusu kwa karibu. Umbo la tembo huyo lilitokana na picha ya ghala la nafaka la Kiafrika iliyochapishwa katika jarida la anthropolojia. Chombo cha kuhifadhia chakula kiligeuzwa dubwana mithili ya mtambo, na jina la mchoro likampeleka mtazamaji Celebes, kisiwa cha Indonesia. Afrika ilichangia umbo, lakini haikutajwa.

Ernst naye aliyaonja maisha ya kipande kilichokatwa. Aliingia Ufaransa mwaka 1922 kwa pasipoti ya rafiki yake, mshairi Paul Éluard. Mwaka 1937 Wanazi walizidhihaki kazi zake katika maonyesho ya “sanaa iliyopotoka” jijini Munich. Hata hivyo, vita vilipozuka mwaka 1939, Ufaransa ilimzuilia katika kambi ya Les Milles kwa kuwa ni Mjerumani. Alikimbilia Marekani mwaka 1941, akapata uraia wake mwaka 1948, na wa Ufaransa mwaka 1958.

Kutokana na mjadala huu, mambo mawili yanawahusu watunga sera. Kwanza, kumbukumbu za makumbusho zitaje jamii iliyotengeneza kifaa, si mkusanyaji wake pekee. Pili, msanii mkimbizi asihukumiwe kwa pasipoti pekee. Les Milles ilimfungia Ernst kama adui, ilhali maadui wa Ufaransa walikuwa wamekwisha kumkana.