Puli ya pawa stelingi, kutoka Waltham hadi Amani

Mwaka 1926, huko Waltham, Massachusetts, mhandisi Francis W. Davis alikuwa na gari ambalo usukani wake ulisaidiwa na mafuta yenye shinikizo. Chrysler ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuuza mfumo huo kwenye gari la abiria, mwaka 1951.

Huko Unguja mfumo huo ulienea baadaye sana. Mwaka 1984 Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar, alifungua milango ya biashara, na magari yaliyotumika kutoka Japani, Toyota hasa, yakamiminika. Fundi aliyezoea stelingi ya mikono akakutana na pampu, mkanda na puli.

Puli za Toyota nyingi hufungwa kwa nati: spana yatosha. Pampu za Kimarekani za Saginaw ni balaa jingine. Puli hukazwa kwa nguvu kwenye shafti, haitoki bila pula, yaani kifaa cha kuivuta, na hairudi bila kifaa cha kuisukuma. Nyundo? Huua beringi na kuanzisha kuvuja.

Sasa Toyota Vitz zinazopita Amani, Unguja, hazina puli hiyo kabisa. Usukani wake husaidiwa na mota ya umeme, na fundi hutafuta hitilafu kwa kompyuta.