Barua ikitangulia

Kwa nini Mfaransa huandika "j'ai écrit les lettres" (nimeandika barua), kisha akigeuza mpangilio huandika "les lettres que j'ai écrites"? Barua ni zilezile.

Kinachobadilika ni nafasi. Kitenzi kikisaidiwa na avoir ("kuwa na"), "écrit" hufuata jinsia na idadi ya yambwa pale tu yambwa inapotangulia. Mswahili aliyezoea "barua nilizoandika" hashangazwi na upatanisho. Kinachomkera ni masharti yake.

Kanuni hii ilipigiwa debe na mshairi Clément Marot mwaka 1538, akiwatolea mfano Waitaliano. Mwaka 2018 Wabelgiji wawili waliowahi kuwa walimu, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, walitetea ifutwe. Wana hoja: "acheté" na "achetées" hutamkwa sawa kabisa, kwa hiyo mara nyingi anayeteseka ni mwenye kalamu peke yake.