Kuanguka kwa Mpango: Historia ya Roboti Zenye Miguu

Wapanda punda na farasi wa pwani ya Uswahili hawakutosheka kusema mnyama "anakwenda". Punda mwenye mwendo wa haraka usiomtikisa aliyempanda alisemwa anakwenda telki. Aliyedundadunda, kwato ya mbele ya kulia ikishuka pamoja na ya nyuma ya kushoto, alikwenda matiti. Farasi akitimua mbio kamili, anapiga shoti. Maneno haya yamo katika kamusi za zamani, ingawa kijana wa leo aliyezoea bodaboda huenda hajapata kuyasikia.

Waliobuni roboti zenye miguu nao walianzia zizini. Hadi leo wahandisi wanapotaja namna mashine inavyopanga hatua zake, hutumia majina yaleyale waliyoyatumia wafuga farasi wa Ulaya na Marekani. Na jambo la kwanza walilohitaji kulijua, farasi anafanya nini hasa na miguu yake, lilijulikana kwa picha.

Juni 1878, huko Palo Alto, California, mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, kila moja ikifyatuliwa na uzi uliokatiza mbele ya farasi. Tajiri Leland Stanford, mwenye farasi, alitaka kujua kama kuna wakati kwato zote nne huwa hewani. Jibu likawa ndiyo, lakini si kama wachoraji walivyodhani. Wao walimchora farasi amenyoosha miguu mbele na nyuma, kumbe anapokuwa hewani huwa ameikunja chini ya tumbo. Mwaka huohuo, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, mwanahisabati wa Urusi Pafnuty Chebyshev alionyesha mashine ya miguu minne ya fito zilizoungwa kwa ustadi. Ilitembea vizuri kwenye sakafu sawa. Penye shimo au jiwe haikuwa na la kufanya, maana miguu yake ilijua mchoro mmoja tu wa hatua.

Neno lenyewe roboti lilikuja baadaye, katika tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920. Ndugu yake Josef ndiye aliyelipendekeza, akilitoa katika neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa.

Miaka ya 1960 kampuni ya General Electric ilimkabidhi Ralph Mosher kazi ya kuunda gari linalotembea kwa miguu minne, kwa ajili ya jeshi la Marekani. Dereva alikaa ndani, mikono yake ikiongoza miguu ya mbele na miguu yake ikiongoza ya nyuma. Gari lilipanda vikwazo, lakini dereva alichoka upesi, kwa kuwa kila hatua ya chuma ilipaswa kufikiriwa na mtu. Mwaka 1966, katika Chuo Kikuu cha Southern California, Robert McGhee na Andrew Frank walikuwa wamekwisha kuitoa kazi hiyo mikononi mwa dereva na kuipa saketi za elektroniki. Farasi wao wa chuma alitembea polepole, na pia alikwenda matiti.

Hapo ndipo msamiati ulipogawanyika. Kuna mwendo tuli: kitovu cha uzito hakitoki nje ya eneo lililozungukwa na nyayo zilizo chini. Kila mpishi wa kuni anaujua msingi wake, kwani sufuria haipinduki juu ya mafiga matatu. Roboti ya miguu sita huinua mitatu na kuacha mitatu chini, basi huwa na mafiga yake kila wakati. Ya miguu miwili haina bahati hiyo. Ichiro Kato wa Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, alionyesha WABOT-1 mwaka 1973, roboti yenye umbo la mtu, na hatua moja ya miguu yake ilichukua sekunde 45.

Mwendo wa pili ni wa kidinamiki, ambao mwili huachwa uanguke kidogo na mguu ukauwahi. Ndivyo anavyotembea kila mwanadamu. Mtu wa kuushika kwa ujasiri alikuwa Marc Raibert, aliyeanza mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Badala ya kuongeza miguu, aliipunguza mpaka ukabaki mmoja. Mashine yake ilirukaruka bila kukoma, maana ikisimama tu inaanguka. Siri ilikuwa pale unyayo unapotua. Ukitua katikati ya umbali ambao mwili utaupita wakati mguu uko chini, kasi haibadiliki. Ukitua mbele zaidi, mashine hupunguza mwendo. Ukitua nyuma zaidi, huongeza. Mguu mmoja ulifundisha mengi kuliko minne.

Kisha miguu minne ikarudi. Miwili inayoshuka pamoja ilihesabiwa kuwa mguu mmoja, na kanuni zilezile zikatumika. Ikishirikiana ya pembe kwa pembe, ni matiti. Ikishirikiana ya upande mmoja, ni mwendo wa ngamia. Kwa hiyo anayeandika kitabu cha roboti kwa Kiswahili hana haja ya kubuni neno la mwendo ule wa kwanza. Babu zetu walikwisha kulitumia juu ya mgongo wa punda, na itakuwa hasara kubwa likiachwa lipotee.

Raibert alianzisha Boston Dynamics mwaka 1992, na mwaka 2005 ikatokea BigDog, yenye injini ya petroli, iliyopanda vilima na kujishika ilipopigwa teke. Ndugu yake mkubwa, LS3, alijaribiwa na wanamaji wa Marekani abebe mizigo ya askari. Mwishoni mwa 2015 walimweka kando, kwa sababu mngurumo wake ungewafichua kwa adui. Spot, wa ukoo huohuo, hutumia betri na mota za umeme. Akienda mwendo wake wa kawaida husikika vishindo vya miguu tu, wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto.