Mtoro ni Nani? Neno Moja na Wataalamu Weusi wa Elimu ya Jinai

Mwenyeji wa Nachingwea au Ruangwa akisikia leo neno "mtoro" humfikiria mtoto aliyeikimbia shule. Katika karne ya 19, misafara ilipopita kusini kuelekea Kilwa, mtoro alikuwa mtumwa aliyejiokoa. Chini ya Waingereza akawa kibarua: sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimtia hatiani kijinai mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba wake kwisha. Mashamba makubwa ya karanga yalipoanzishwa Nachingwea, baada ya mwaka 1947, msamiati huo wa bwana na mtumishi ulikwisha kuzoeleka. Neno ni lile lile. Aliyebadilika ni mwenye mamlaka ya kulitamka.

Nani basi huamua kosa ni lipi? Swali hilo liliwakabili wasomi Weusi walioingia katika elimu ya jinai, nao waliikuta imekwisha kuwahukumu. Cesare Lombroso wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1876, alidai kwamba wako wanaozaliwa wahalifu, akawafananisha na watu aliowaita washenzi. W.E.B. Du Bois alipoajiriwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1896 achunguze maisha ya Weusi wa Philadelphia, alipewa cheo kidogo, wala hakupewa wanafunzi. Hata hivyo, kitabu chake cha mwaka 1899 kilitafuta chanzo cha uhalifu katika utumwa na ubaguzi, si katika damu.

Kwetu Afrika Mashariki, Tibamanya mwene Mushanga wa Uganda alitoa uchunguzi juu ya mauaji nchini mwake mwaka 1974, na utangulizi wa elimu ya jinai mwaka 1976. Leonard Shaidi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliihakiki Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, iliyowalenga wasio na kazi mijini. Tasnifu yake ya mwaka 1985 ilieleza uhalifu wa Tanzania Bara kwa njia ya historia na uchumi.

Kazi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali Mahakama za Mwanzo husikiliza mashauri kwa Kiswahili. Pengo hilo ni letu kuliziba. Tuanze na dogo: pale sheria inaposema "mshtakiwa", mfasiri asiandike "mhalifu". Akiandika hivyo, amekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu.