Waya wa MIDI na sauti ya likembe

Kijana wa kwaya pale Lubarika, katika bonde la Ruzizi, anapounganisha kinanda na kompyuta kabla ya ibada, ni rahisi kudhani kwamba waya ule unabeba muziki. Haubebi. Unabeba amri tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, sasa iachilie. Sauti inatengenezwa ndani ya kompyuta.

Lugha hiyo ya amri ndiyo MIDI. Ilionyeshwa Marekani Januari 1983, pale vinanda vya makampuni mawili yanayoshindana, Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland, vilipofungwa waya mmoja vikaelewana. Miaka miwili baadaye ilikuja kompyuta ya Atari ST, yenye matundu ya MIDI tayari. Waya mmoja una njia 16. Kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuongoza ngoma, besi na tarumbeta, na wenye ngoma na besi wakaanza kubaki nyumbani. Kwa kwaya isiyo na pesa ya kununua vyombo, ilikuwa neema. Kwa mpiga besi, hapana.

Kinshasa kulikuwa na njia nyingine. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa Konono N°1, hakungoja kompyuta. Alichukua sumaku za vyuma vya magari, akatengeneza maikrofoni, akazifunga kwenye likembe ili isishindwe na kelele za mji. Waya wake ulibeba sauti yenyewe, pamoja na mikwaruzo yake. Mwaka 2004 dunia iliisikia katika albamu ya Congotronics.

Tofauti hiyo si ndogo. MIDI ina noti 128, na kinanda huzipanga kwa hatua za piano. Likembe hupangwa kwa sikio la mwenyewe, na hatua zake mara nyingi haziangukii hapo. Anayechagua "likembe" ndani ya programu anaweza kupata piano iliyovaa nguo za kuazima.

Dawa ipo. Kila ulimi wa likembe hurekodiwa peke yake, kwa maikrofoni moja, mahali pa kimya, kisha hupewa kitufe chake kwenye kinanda bila kunyooshwa. Jukwaani kuna hatari moja: kompyuta dhaifu huchelewa, kidole kikatangulia sauti. Afadhali kufunga programu zote nyingine, na betri iwe imejaa, maana umeme wa kwetu hauagi ukiondoka.