Kununua Chuma Bila Kukigonga

Mchongaji wa Nyundo, Rwanda, akitaka patasi yenye mdomo wa nusu duara, anaweza kushuka Gisenyi na kuzunguka maduka ya vifaa vya ujenzi kutwa nzima. Atapata misumari, bawaba, mapanga na patasi bapa za seremala. Ile ya kuchimbia tundu la jicho la kinyago mara nyingi ataikosa. Basi hutafuta picha kwenye simu, humtumia mtu wa Kigali anayekusanya oda za China, hulipa kwa simu hiyohiyo, kisha husubiri. Mzigo ukifika Kigali hupandishwa basi, na mwenyewe huufuata stendi. Seti nzima ya vyuma vya bei poa imemfikia bila yeye kuigusa wala kuigonga asikie inavyolia.

Mahitaji hayo hapa si ya jana. Shule ya sanaa ya Nyundo ilianzishwa mwaka 1952 na Bruda Marc Wallenda, Mbelgiji, na tangu hapo imefundisha vijana uchongaji, uchoraji na ufinyanzi. Anayehitimu huondoka na ufundi wake. Vyombo vya shule hubaki shule.

Kununua chombo cha kazi usichokiona ni jambo lililokwisha kujaribiwa katika nchi nyingi. Kinachotofautiana ni mahali dhamana inapowekwa: chuma kikiwa kibovu, nani atabeba hasara?

Marekani dhamana iliwekwa kwenye karatasi. Mwaka 1872 Aaron Montgomery Ward alianza kutuma kutoka Chicago orodha ya bidhaa ya ukurasa mmoja, na mwaka 1875 akaahidi kumrudishia fedha asiyeridhika. Mwaka huohuo wa 1872 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuadhibu utapeli wa kupitia posta, kwa hiyo ahadi ya mfanyabiashara ilikuwa na mahakama nyuma yake. Kampuni ya Sears, Roebuck ikaja na katalogi nene zaidi. Barua zilianza kupelekwa hadi mashambani mwaka 1896, na kuanzia Januari 1, 1913 posta ikabeba pia vifurushi vilivyokuwa vikiachiwa kampuni binafsi. Sears iliwahimiza wateja waandike kwa lugha yoyote waijuayo, nayo itatafuta wa kuisoma. Mhamiaji asiyejua Kiingereza aliagiza randa kwa lugha ya mama yake. Mkulima Mweusi wa majimbo ya Kusini aliagiza msumeno bila kusimama mbele ya kaunta ambako angehudumiwa wa mwisho. Wenye maduka ya vijijini walizichukia katalogi hadi baadhi yao wakahamasisha watu kuzichoma hadharani, na ukiangalia kilichokuwa kinawaponyoka utaelewa kwa nini.

Ufaransa dhamana ilikaa kwenye jina la kiwanda. Mwaka 1885 Étienne Mimard na Pierre Blachon walianzisha Saint-Étienne, mji wa silaha, kampuni iliyokuja kujulikana kama Manufrance. Katalogi yake ilipanga bunduki, baiskeli, cherehani na zana za mikono, ikasomwa hadi kwenye makoloni. Sears kwa sehemu kubwa iliuza kazi za viwanda vya wengine. Manufrance ilijivunia kutengeneza yenyewe. Mmarekani aliamini kwamba kosa litarekebishwa, Mfaransa aliamini kwamba kosa halikutokea. Imani zote mbili zilidumu karibu karne nzima: Manufrance ilianguka katika miaka ya 1980, na katalogi kuu ya Sears ilikoma mwaka 1993.

Afrika Mashariki ya zama hizohizo dhamana ilikuwa mtu. Allidina Visram, aliyevuka bahari kutoka Kutch angali kijana na kufariki mwaka 1916, alisambaza maduka kutoka pwani hadi Uganda. Bidhaa ziliagizwa ng'ambo vilevile, lakini mwenye kuagiza alikuwa mwenye duka, na hasara ya njiani ilikuwa yake. Mteja hakusoma orodha. Alilishika jembe, akaligonga kwa ukucha au kwa jiwe, akasikiliza kama lina ufa. Katalogi ilizaliwa ili kumwondoa mtu wa kati. Duka lilikuwa ni huyohuyo mtu wa kati, pamoja na mizani yake na daftari lake la madeni. Si haki kulisifu moja kwa kulidharau jingine. Katalogi haikukujua, kwa hiyo haikukubagua. Wala haikukukopesha msimu wa njaa. Duka lilikujua mno, likakukopesha, na bei ya kukujua ikaingia kwenye bei ya jembe.

Na kabla ya duka? Bugoyi, yaani nchi hii ya Gisenyi, katika karne ya 19 ilikuwa njia panda ya biashara ya Ziwa Kivu. Bangili za nyuzi zilizoitwa butega, zilizosukwa na Watembo wa misitu iliyo magharibi mwa ziwa, zilipita mikono mingi na kutumika kama fedha. Majembe nayo yalisafiri mbali na tanuri za wahunzi walioyafua. Jembe la chuma liliingia katika mahari, na nyundo za chuma zilikuwa miongoni mwa alama za ufalme wa Rwanda. Chombo cha kazi kilikuja na heshima ambayo seti ya China iliyofungwa kwa plastiki haina, ingawa chuma chake huenda ni cha kulingana zaidi.

Siwezi kuandika juu ya zana nafuu zinazoagizwa nje kuja Rwanda nikauruka mwaka 1993. Ripoti ya Human Rights Watch ya 1999 ilichambua vibali vya kuagiza bidhaa na kuonyesha mamia ya maelfu ya mapanga yakiingia nchini kati ya Januari 1993 na Machi 1994. Kanisa kuu la Nyundo ni mojawapo ya mahali watu walipouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Katalogi za Chicago na Saint-Étienne ziliuza bunduki kurasa chache kutoka penye misumeno, lakini silaha iliandikwa silaha. Hapa iliandikwa zana ya kilimo, ikiwa na idadi, uzito na bei, kama oda nyingine yoyote.

Tukirudi kwenye patasi: mbona inauzwa rahisi hivyo? Sehemu ya jibu iko Zhejiang, katika miji kama Yongkang inayoishi kwa kutengeneza vyuma vya mkono, na masoko kama Yiwu yanayoviuza kwa jumla. Sehemu nyingine iko Uswisi. Umoja wa Posta Duniani, uliotokana na mkataba wa Bern wa 1874, ndio unaopanga posta ya nchi moja iilipe nini ya nchi nyingine kwa kugawa vifurushi vyake, na kwa miaka mingi viwango hivyo viliipa China nafuu kubwa. Marekani ilitishia kujitoa, na mwaka 2019 mkutano wa Geneva ukavibadili. Fundi wa California alizoea kifurushi chepesi kumfikia mlangoni kwa nauli ndogo mno. Wa Nyundo hana posta ya mlangoni. Oda yake huchanganywa na za wengine katika katoni moja, na kila mmoja hulipia kilo zake.

Kilo ndizo zinazoeleza tabia ambayo mgeni huishangaa: chuma chetu huuzwa bila mpini. Jembe, shoka, tezo, vyote hupangwa dukani vikiwa vichwa vitupu. Mti uko nyumbani, kwa nini ulipie nauli ya mti? Sears iliuza mipini ya hikori peke yake kwa wenye vichwa vya zamani. Hapa vichwa ndivyo vinavyosafiri, na mpini huchongwa kulingana na mkono wa mwenyewe. Wachongaji wa Kikamba, waliopokea ufundi wao kupitia Mutisya Munge wa Wamunyu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamekwenda mbali zaidi: tezo zao nyingi hufuliwa kutokana na springi za magari makuukuu.

Kwa hiyo patasi ya China ikifika, kazi haijaisha. Fundi huipitishia tupa mdomoni. Tupa ikiteleza bila kung'ata, chuma ni kigumu na kinatosha kunolewa. Ikiuma na kutoa unga, chuma ni laini. Akikipa bahati nyingine, hukipasha hadi sumaku isikinase, hukichovya kwenye mafuta, hukisugua king'ae, kisha hukipasha tena polepole hadi kipate rangi ya majani makavu. Kikikubali, amepata patasi nzuri kwa bei ya mbovu.

Mmarekani wa gereji hufanya hivyohivyo. Harbor Freight ilianza California mwaka 1977 kwa kuuza zana za bei ya chini kwa posta, na wateja wa aina hiyo wamezoea kumalizia wenyewe kazi ambayo kiwanda kiliiacha njiani. Ufundi wao na wa Nyundo katika hatua hiyo ni mmoja. Ila yule akichoka anaweza kuirudisha patasi na kudai fedha zake, na kuitengeneza ni starehe yake ya Jumamosi. Huyu nauli ya kurudisha inazidi bei ya chombo, na kinyago cha mteja kinasubiri. Chuma kikivunjika hamtafuti mtu wa Yongkang. Humpigia yule wa Kigali, naye, kwa kuwa anaitaka oda ijayo, hutuma nyingine kwa basi la asubuhi, au humpunguzia seti inayofuata, au hapokei simu.